Sheikh Mahmud Barzanji na Mwamba wa Bazian

Katika njia hii ya milimani ya Bazian, magharibi ya mji wa Sulaymaniyah, majeshi ya Uingereza yalimkamata Sheikh Mahmud Barzanji mwezi Juni 1919, akiwa amejeruhiwa. Mwamba aliojikinga nao wenyeji wanauita mwamba wa shujaa.

Alikuwa kiongozi wa tarika ya Qadiriyya, mtu wa ukoo wa masharifu. Makabila mengi ya Wakurdi yalimtii. Mengine hayakutaka hata kumsikia, na hilo lilimgharimu. Waingereza wenyewe ndio waliompa ugavana mwishoni mwa 1918. Baada ya miezi michache tu, akawageuka.

Ofisa wa Uingereza aliyemtembelea hospitalini baada ya kukamatwa aliandika kwamba Sheikh alijifunga hirizi mkononi: kurasa za Kurani ambazo juu yake ziliandikwa, kwa Kikurdi, ahadi za Uingereza na Ufaransa za kuwakomboa watu wa nchi hizi. Waingereza walioahidi ndio hao hao waliomhukumu kifo. Adhabu ikapunguzwa, akapelekwa uhamishoni India.

Mwaka 1922 walimrudisha, wakitarajia awazuie Waturuki. Novemba mwaka huo akajitangaza Mfalme wa Kurdistan. Ndege za Uingereza ziliushambulia mji wa Sulaymaniyah kwa mabomu, na mwaka 1924 ukatekwa. Aliasi tena 1930, akajisalimisha mwaka uliofuata.

Sheikh Mahmud alifariki Baghdad mwaka 1956 na kuzikwa Sulaymaniyah.