Insulini: Kutoka Toronto Hadi Mwambao wa Kabezi

Ukitoka Bujumbura kuelekea kusini kwa barabara ya Rumonge, Ziwa Tanganyika likiwa kuliani na milima kushotoni, utafika Kabezi kabla hujachoka kukaa garini. Nakuomba, mwanafunzi, uuweke mwambao huo mbele ya macho yako unaposoma historia hii. Historia ya dawa huandikwa aghalabu kutoka mahali ilipovumbuliwa, na mara chache sana kutoka mahali inapongojewa.

Kisukari cha aina ya kwanza hutokea pale kinga ya mwili inapoziharibu seli za kongosho zitengenezazo insulini. (Ulishike neno kongosho, ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula.) Jina la ugonjwa linapotosha, kwani mtoto hakuupata kwa kula sukari. Sukari hujaa katika damu yake ilhali mwili unakufa njaa. Hunywa maji asikate kiu, hukojoa usiku kucha, hukonda. Mwishowe hutapika na kupoteza fahamu. Penye malaria nyingi, ni rahisi dalili hizo za mwisho kudhaniwa malaria, na mtoto akatibiwa ugonjwa asio nao.

Kabla ya mwaka 1922 hapakuwa na dawa popote duniani. Daktari Frederick Allen wa Marekani aliwanyima wagonjwa chakula ili waishi miezi michache zaidi, nao wakabaki mifupa mitupu. Kisha huko Toronto, Kanada, Frederick Banting, Charles Best, James Collip na John Macleod wakafaulu kutoa insulini katika kongosho za wanyama. Januari 1922 walimdunga kijana wa miaka 13, Leonard Thompson. Sindano ya kwanza haikufaa. Collip akaisafisha dawa, na ya pili, tarehe 23, ikamwinua. Haki ya uvumbuzi iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kwa kila mvumbuzi aliyeandikishwa. Mwaka huohuo alianza tiba Elizabeth Hughes, binti aliyekuwa amebaki na kilo 20 hivi. Alifariki mwaka 1981, baada ya sindano zipatazo 42,000.

Idadi hiyo yaonyesha jambo ambalo furaha ya uvumbuzi ilificha: insulini haiponyi, bali huahirisha kifo kila siku. Mgonjwa wa zamani alichemsha bomba la sindano la kioo, akainoa sindano yake, akapasha mkojo moto pamoja na dawa ili aone rangi ikigeuka. Mashine ndogo za kupimia damu nyumbani zilienea katika miaka ya 1980. Mwaka 1982 insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria iliidhinishwa, na kongosho za ng'ombe na nguruwe zikaanza kuachwa. Mwaka 1993 utafiti wa Marekani na Kanada, wenye washiriki 1,441, ulithibitisha kwamba kuidhibiti sukari kwa karibu hulinda macho, figo na neva. Tangu hapo mgonjwa amekuwa kama tabibu wa nafsi yake, akipima na kuhesabu kila mlo.

Lakini apime kwa nini, na dawa aihifadhi wapi?

Kabezi inalijua vyema suala la umbali. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliendesha hapo kituo cha dharura za uzazi, magari yake ya wagonjwa yakiwachukua akina mama kutoka vituo vya afya vya milimani, na vifo vya uzazi vikapungua sana. Ila uzazi ni safari ya siku moja. Kisukari ni safari ya kila mwezi, maisha yote. Shirika hilohilo, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, lilipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, na mwaka 2021 likachapisha matokeo: insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu. Kwa mama asiye na jokofu, habari hiyo ina uzito kuliko pampu zote za Ulaya, kwa maana mtoto aweza kukaa na chupa yake nyumbani badala ya kutembea kila siku kwenda kudungwa.

Agosti 2022, mjini Lomé, mawaziri wa afya wa kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, ambamo Burundi imo, walipitisha mkakati wa kuyatibu magonjwa sugu makali, kisukari hiki kikiwamo, katika hospitali za wilaya. Ukitaka kuupima mkakati huo, usiulize chupa za insulini tu. Uliza pia vijiti vya kupimia damu. Pasipo vijiti, mzazi hukisia kipimo. Akizidisha, mtoto hutetemeka darasani, jasho likimtoka, maneno yakimpotea. Mwalimu anayeufahamu ugonjwa humpa maji yenye sukari papo hapo; asiyeufahamu humruhusu aende nyumbani akalale.