Jinsi ya kumaliza mkopo wa nyumba kabla ya muda

Mfanyabiashara wa mpakani hana mshahara wa tarehe 30. Kuna miezi mzigo unatembea na kuna miezi lori linalala Malaba, lakini benki inadai rejesho lile lile. Miezi mizuri ndiyo inayoweza kufupisha deni.

Chukua mkopo wa shilingi 5,000,000 za Kenya kwa miaka 15, riba asilimia 14 kwa mwaka, ikitozwa kwenye salio linalopungua. Rejesho la mwezi ni kama Sh 66,590. Mwezi wa kwanza, Sh 58,330 ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa Sh 8,250 tu. Mwaka ukiisha mkopaji amelipa karibu Sh 800,000, na deni limeshuka kwa takriban Sh 106,000. Kwa hiyo fedha ya ziada hufanya kazi kubwa zaidi miaka ya mwanzo.

Akiongeza Sh 10,000 kila mwezi tangu mwanzo, anamaliza kwa miezi 124 badala ya 180, na riba inapungua kwa karibu Sh milioni 2.5. Asiyeweza kila mwezi, Sh 200,000 akizilipa mara moja mwishoni mwa mwaka wa kwanza zinakata miezi 19 hivi.

Fedha hiyo iende na barua: ipunguze deni la msingi, rejesho libaki vile vile, muda ufupishwe. Bila maelekezo, inaweza kukaa tu kwenye akaunti ikisubiri rejesho lijalo. Mkataba usomwe kwanza, kwani baadhi ya benki hutoza ada kwa anayelipa mapema.

Mtaji wa mzunguko usiguswe. Anayelipia nyumba kwa fedha za matairi na dizeli, kisha akakopa kwa muda mfupi kwa riba ya juu zaidi, amejiongezea gharama.

Mkopo wa dola unamfaa anayelipwa kwa dola. Rejesho la dola 1,000 lilikuwa kama Sh 123,000 mwanzoni mwa 2023. Januari 2024 lilifika karibu Sh 160,000. Ilipofika katikati ya 2024 shilingi ilikuwa imerudi karibu 130, na aliyekuwa na akiba alipunguza deni kwa unafuu.

Baada ya rejesho la mwisho, mkopaji adai hati yake na kuhakikisha rehani imefutwa kwenye masjala ya ardhi. Benki kusema deni limekwisha hakutoshi.