Daftari la Madeni: Historia Fupi ya Hadwea ya Mtaani

Siku tuliyofungua hadwea ya mjomba hapa Dandora, mteja wa kwanza hakuwa na pesa. Alikuwa fundi wa mawe, suruali imejaa simiti iliyokauka, na alitaka kilo mbili za misumari ya inchi tatu na kamba ya kupimia. "Mzee, niandikie tu. Jumamosi nikilipwa nakuletea." Mjomba alimtazama, akatazama rafu ambazo bado zilinuka rangi, kisha akaniambia nifungue daftari jipya la kurasa 200. Kwa hivyo ukurasa wa kwanza wa biashara yetu ni deni.

Nilikasirika. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa, na mjomba ndiye aliyenitoa kitandani akaniweka kwa kaunta. Nilidhani kazi yangu ni kumzuia mzee asiliwe na wajanja. Jioni nikamwambia, "Anko, hii ni biashara, si harambee." Akacheka. "Wewe unafikiri haya mabati ni yangu? Hata mimi nimeandikwa mahali."

Ni kweli. Mabati, simiti na nusu ya rangi zilikuwa zimetoka kwa muuzaji wa jumla kule Industrial Area, na mjomba alikuwa na siku 30 za kulipa. Duka zima lilikuwa daftari moja limesimama juu ya daftari lingine. Saa za mchana, wakati mafundi wako saiti na duka limetulia, nilianza kusoma kwa simu nijue jambo hili lilianzia wapi. Nikagundua kwamba kuna wakati, hapa hapa Nairobi, ambapo sheria haikutaka mtu kama mjomba aandikwe mahali popote.

Turudi nyuma kidogo. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, na mji uliomea kando yake ulikuwa mji wa mabati. Bati la mikunjo lilikuwa limevumbuliwa London mwaka 1829 na injinia aliyeitwa Henry Robinson Palmer, na kwa wakoloni lilikuwa dawa ya kila kitu: jepesi, linabebeka kwa meli na treni, na hata asiye fundi sana anaweza kulipigilia. Steshoni ni mabati, ofisi ni mabati, Indian Bazaar ni mabati na mbao. Mwaka 1902 tauni ilipoingia, wakuu waliamuru bazaa ichomwe. Ikajengwa tena. Leo eneo hilo la maduka linajulikana kama Biashara Street, na ukipita huko bado utakuta maduka ya vitambaa na mablanketi.

Waliouza misumari, nyundo na mabati hayo walikuwa hasa Wahindi. Neno lenyewe, duka, tumelipata kupitia biashara ya Bahari ya Hindi: Waarabu husema dukkan, Wagujarati husema dukan. Kuna tajiri mmoja, Allidina Visram, aliyefariki 1916, ambaye maduka yake yalitapakaa kuanzia pwani hadi Uganda. Watu wa Mombasa wanamjua kwa shule iliyobeba jina lake. Lakini wengi hawakuwa matajiri. Kijana alishuka melini bila kitu, akafanya kazi kwa jamaa yake, kisha jamaa huyo akampa bidhaa akafungue duka kituo kinachofuata. Bidhaa zilitoka kwa kampuni kubwa, zikaenda kwa mfanyabiashara wa Mombasa, zikafika kwa mwenye duka la mabati huko bara, na pesa zikarudi polepole kwa njia ile ile. Aliyebebwa na mnyororo huo hakuhitaji mtaji mkubwa. Alihitaji mtu wa kusema, "huyu namjua."

Sasa hapa ndipo mambo yanapokuwa machungu. Kuanzia 1903 serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kudhibiti ukopeshaji kwa Waafrika. Toleo la 1948 ndilo linalokumbukwa zaidi: mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bidhaa za zaidi ya shilingi 200, hawezi kumdai mahakamani, isipokuwa mkataba uwe umeandikwa na kuidhinishwa na afisa wa serikali. Walisema ni kumlinda Mwafrika asinyonywe. Pengine wako walioamini hivyo. Lakini fikiria wewe ni muuzaji wa jumla mwaka huo. Anakuja mzee wa Pumwani, anataka mabati na misumari ya kuanzisha duka. Unajua akipotea na mali yako, korti haitakusikiliza. Utamwambia nini? Utamwambia alete pesa taslimu. Na pesa taslimu za kujaza duka la vifaa, mtu wa mshahara wa kibarua angezitoa wapi?

Kwa hivyo Mwafrika angeweza kuuza mboga, makaa, chai na maandazi, yaani vitu vinavyonunuliwa asubuhi na kuisha jioni. Hadwea si biashara ya namna hiyo. Kuna kitasa kitakaa kwa rafu mwaka mzima kikimsubiri mwenye mlango wake. Pesa zinalala. Ukikosa mtu wa kukuvumilia, hufunguki.

Kulikuwa na kikwazo cha pili: hadwea inahitaji watu wanaojenga. Nairobi ya wakoloni ilimchukulia Mwafrika kama mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kwao. Alitembea na kipande shingoni. Kulala, alilala kwa nyumba ya mwajiri, ya reli au ya baraza la mji. Mahali pachache aliporuhusiwa kujijengea ni kama Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ambapo wenye ploti walijenga kuta za udongo na miti, na paa nyingi zikawa madebe ya mafuta taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Miongoni mwa wenye nyumba hizo walikuwamo wanawake wengi. Jirani yao, kijiji cha zamani cha Pangani, ambacho pia watu walikuwa wamejijengea, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wakazi wakapelekwa Shauri Moyo, kwa nyumba ambazo baraza lilikuwa limejenga. Debe lililonyooshwa lilikuwa hadwea ya wasio na hadwea. Na watu wakishabomolewa mara moja, hawana hamu ya kununua bati zuri.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya ilijaribu kugeuza meza. Mwaka 1965 iliunda KNTC ili usambazaji wa bidhaa uingie mikononi mwa wafanyabiashara Waafrika, na ICDC ikatoa mikopo ya kununua maduka. Kisha ikaja sheria ya leseni za biashara ya 1967, iliyowazuia wasio raia kufanya biashara katika sehemu nyingi za nchi. Maelfu ya Waasia wakafunga mizigo, na Uingereza nayo, mwaka 1968, ikaharakisha sheria ya kuwafungia mlango. Familia zilizokuwa hapa vizazi viwili zilijikuta hazitakiwi kokote. Upande wa pili, waliochukua maduka mapema zaidi hawakuwa mafundi wa Pumwani. Walikuwa wenye cheo, wenye shamba la kuweka dhamana, wenye mtu ofisini. Kumwondoa aliyekopeshwa hakumfanyi jirani yake akopesheke.

Kwa mtaa wetu, mlango ulifunguka kwa njia nyingine. Mwaka 1975 baraza la jiji na Benki ya Dunia walikubaliana kuhusu mradi wa Dandora: ploti 6,000 zenye maji, taa za barabarani na mabomba ya maji taka. Ukipewa ploti ya kawaida ulikuta choo na bafu tu vimesimama katikati ya nyasi. Nyumba ujenge mwenyewe. Na hapa ndipo ninapowaambia marafiki zangu kwamba historia ya hadwea ya Mwafrika wa kawaida Nairobi inaanzia chooni, wanacheka, lakini mimi sitanii. Maana pamoja na ploti, mradi ulitoa mkopo wa vifaa vya ujenzi. Kwa mara ya kwanza, mama anayeuza sukumawiki alikuwa na ruhusa ya kujenga jijini na pia mtu wa kumkopesha mawe na mabati.

Watu hawakujenga nyumba mara moja. Walijenga chumba. Wakapangisha kile chumba, kodi ikajenga cha pili. Wengine waliungana kwa vikundi wakajengeana kwa zamu. Mtu anayejenga hivyo haendi mjini kununua lori la vifaa. Anataka mifuko mitatu ya simiti leo, bati mbili mwisho wa mwezi, kitasa mwezi ujao. Anataka duka lililo umbali wa mkokoteni, na mwenye duka anayemjua kwa ploti yake. Miaka ilivyosonga, vyumba vikapandiana, ghorofa zikaja, na karibu kila barabara ikapata hadwea yake.

Leo hakuna sheria inayomkataza mtu kumkopesha mjomba. Kuna kodi ya duka na goodwili ya mwenye jengo, kuna leseni ya kaunti, kuna mkaguzi wa moto. Faida ya mfuko wa simiti ni ya kuchekesha. Tunaishi kwa vitu vidogo, skrubu, gundi ya mabomba, balbu, kufuli. Na kuna daftari. Fundi analipwa na kontrakta, kontrakta na landlord, landlord na mpangaji, na mpangaji ni wewe unayesoma hii ukiwa bado hujalipa kodi ya mwezi huu. Mmoja akiteleza, sisi sote tunayumba.

Tuliyumba kweli mwaka wetu wa pili. Alikuja jamaa na gari safi, shati limepigwa pasi, ana LPO yenye mhuri. Mimi ndiye niliyemshawishi mjomba. Nilisema, huyu si wa kuandikwa na kalamu ya bei rahisi, huyu ana makaratasi. Tukampa vyuma, simiti na mabati ya shilingi 186,000. Simu yake ilizima wiki ya tatu. Muuzaji wa jumla hakutaka hadithi, na mjomba akauza pikipiki yake. Hakunigombeza hata siku moja, na ningependa angenigombeza.

Baada ya hapo nilikaa chini na daftari, nikapiga hesabu. Katika kurasa zote, mafundi na akina mama wa ploti walikuwa wamelipa karibu kila kitu. Wamechelewa, ndiyo. Wamelipa mia mbili mbili kwa M-Pesa, ndiyo. Wawili walihama bila kuaga. Lakini wote wale wakijumlishwa hawakufika hata robo ya pengo la yule mmoja mwenye mhuri.

Siku hizi mjomba anauliza maswali matatu kabla sijaandika. Unajenga ploti gani? Nani anakujua hapa? Mama yako anaishi wapi? Ukijibu yote bila kutazama chini, unaandikwa. Nilipomuuliza alijifunza wapi, alisema hakujifunza. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyoulizwa.

Yule fundi wa misumari alikuja Jumatatu, si Jumamosi, na nusu ya pesa. Nusu nyingine ilikuja wiki mbili baadaye. Amenunua kwetu tangu siku hiyo, na mwezi uliopita alileta mwanawe, kijana wa umri wangu, anayeanza kazi ya mabomba. "Huyu ni wangu," akasema. "Muandike."

Mjomba alikuwa ametoka. Nikafungua ukurasa mpya.