Maggie Alphonsi: Kutoka jezi namba 7 ya England hadi meza ya wachambuzi wa raga

Margaret Alphonsi, anayejulikana zaidi kwa jina la Maggie, ni mchezaji mstaafu wa timu ya taifa ya raga ya wanawake ya England, bingwa wa dunia wa mwaka 2014, na mmoja wa wachambuzi wa mchezo huo wanaofahamika sana katika televisheni za Uingereza. Kati ya mwaka 2003 na mwaka 2014 aliichezea England mechi 74 na kufunga trai 28. Mwaka mmoja baada ya kustaafu, aliketi katika studio ya kituo cha ITV kuchambua Kombe la Dunia la wanaume, kiti ambacho hadi wakati huo kilikuwa cha wanaume waliowahi kucheza mchezo huo.

Makala haya yanaeleza alivyofika uwanjani, alichokifanya huko, na namna alivyohamia kwenye utangazaji wa michezo.

Utoto wa kaskazini mwa London

Alphonsi alizaliwa Desemba 1983 huko Lewisham, kusini mashariki mwa London, katika familia yenye asili ya Nigeria. Alikulia Edmonton, kaskazini mwa jiji hilo, katika mtaa wa nyumba za halmashauri, akilelewa na mama yake peke yake. Alizaliwa na unyayo uliopinda kuelekea ndani, hali inayohitaji matibabu tangu utotoni ili mtoto aweze kutembea vizuri.

Raga haikuwa mchezo wa mtaani kwao. Nchini England, raga ya wachezaji 15 imehusishwa kwa miaka mingi na shule za kulipia na familia zenye uwezo, na msichana mweusi wa Edmonton hakuwa na sababu nyingi za kuufikiria. Aliyemfungulia mlango ni mwalimu wake wa elimu ya viungo, Liza Burgess. Mwalimu huyo hakuwa mtu wa kawaida katika mchezo huo: alikuwa mchezaji na nahodha wa Wales, na alikuwamo katika timu ya wanawake ya Wales iliyocheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa mwaka 1987. Burgess ndiye aliyemwelekeza Alphonsi, akiwa na umri wa miaka ipatayo 14, kwenye klabu ya Saracens. Klabu hiyo ya kaskazini mwa London ikawa nyumbani kwake katika maisha yake yote ya uchezaji.

Kazi ya namba 7

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu zaidi raga ya wachezaji saba, ile ambayo Kenya ilitwaa nayo taji la Singapore mwaka 2016 kwa kuifunga Fiji katika fainali. Raga ya wachezaji 15 ni mchezo wa aina nyingine kwa mwendo na kwa muda. Mechi huchukua dakika 80, na wachezaji wanane wa mbele hupambana kifua kwa kifua kuupata mpira kabla ya wale wa nyuma kukimbia nao. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, huzaa pointi tano.

Alphonsi alicheza nafasi ya flanka, akivaa jezi namba 7. Mwenye jezi hiyo huwa wa kwanza kuchomoka kwenye skramu, humkaba na kumwangusha mpinzani mwenye mpira, kisha husimama haraka na kujaribu kuupokonya kabla wenzake mpinzani huyo hawajafika. Ni kazi ya kuumia, na jukwaani haionekani kwa urahisi kama ya mfungaji. Alphonsi aliifanya kwa nguvu kiasi cha kupewa jina la utani la "Mashine".

Katika miaka yake, England ilitwaa Mashindano ya Mataifa Sita ya wanawake mara saba mfululizo, kuanzia mwaka 2006 hadi 2012. Mwaka 2006 alitajwa na shirikisho la raga la dunia kuwa mchezaji bora wa mwaka kwa upande wa wanawake. Novemba 2009, katika uwanja wa Twickenham, England iliishinda New Zealand 10 kwa 3. Ilikuwa mara ya kwanza kwa New Zealand kupoteza mechi tangu mwaka 2001.

Fainali mbili zilizopotea, moja iliyopatikana

Taji lililomkwepa kwa muda mrefu ni la dunia. Mwaka 2006, huko Edmonton nchini Canada, mji unaoitwa jina moja na mtaa aliokulia, England ilifungwa na New Zealand 25 kwa 17 katika fainali. Mwaka 2010 mashindano yalifanyika England kwenyewe. Fainali ilichezwa katika uwanja wa klabu uitwao Stoop, ulio karibu na Twickenham lakini mdogo kuliko huo kwa mbali, mbele ya watu zaidi ya 13,000. New Zealand ilishinda tena, safari hii kwa tofauti ya pointi tatu tu, 13 kwa 10.

Pamoja na kushindwa huko, uchezaji wake wa mwaka 2010 ulimpatia tuzo ya Pat Marshall inayotolewa na chama cha waandishi wa habari za raga. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipokea. Mwaka 2012 alipewa nishani ya MBE katika orodha ya heshima ya Mwaka Mpya. Jeraha la goti lilimweka nje ya uwanja kwa kipindi kirefu, na haikuwa na hakika kwamba angerudi kwa wakati kwa ajili ya Kombe la Dunia lililofuata.

Alirudi. Tarehe 17 Agosti 2014, katika uwanja wa Jean-Bouin mjini Paris, England iliishinda Canada 21 kwa 9. Danielle Waterman na Emily Scarratt walifunga trai, na Scarratt peke yake alileta pointi 16 kwa trai na mikwaju yake. Lilikuwa taji la kwanza la dunia kwa wanawake wa England tangu mwaka 1994. Mwezi uliofuata Alphonsi alitangaza kustaafu mechi za kimataifa, akiwa na umri wa miaka 30.

Kustaafu bila akiba ya mchezo

Uamuzi huo ulikuwa na uzito ambao mchezaji wa kiume wa kiwango chake asingeujua. Raga ya wanaume iliruhusu malipo rasmi mwaka 1995. Wanawake waliotwaa kombe mwaka 2014 walikuwa wakicheza sambamba na kazi nyingine: nahodha wao, Katy Daley-McLean, alikuwa mwalimu, na Sophie Hemming alikuwa daktari wa mifugo. England ilianza kuwapa wanawake wa timu ya wachezaji 15 mikataba ya kudumu ya kulipwa Januari 2019, ilipowasajili wachezaji 28. Kwa kizazi cha Alphonsi, kumaliza kucheza hakukuambatana na fedha za kuishi nazo. Ilibidi kazi ya pili ipatikane.

Kwanza alijaribu kubaki kuwa mwanamichezo. Aliingia katika kurusha tufe akiwa na lengo la kufika Michezo ya Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, lakini hakufanikiwa kufuzu. Wakati huohuo alikuwa akizungumza mbele ya hadhara kuhusu michezo na usawa, na vituo vya utangazaji vikaanza kumwita kutoa maoni.

Kiti cha mwaka 2015

Kombe la Dunia la wanaume la mwaka 2015 lilifanyika England, na ITV ndiyo iliyokuwa na haki ya kulionyesha nchini Uingereza. Alphonsi aliingizwa katika kikosi chake cha wachambuzi, na anatajwa kuwa mchezaji wa zamani wa kike wa kwanza kufanya kazi hiyo katika raga ya kimataifa ya wanaume.

Njia ya kutoka uwanjani hadi kwenye kipaza sauti si ngeni katika raga. Bill McLaren wa Uskoti, aliyekuwa mchezaji wa Hawick kabla ya kifua kikuu kumzuia kucheza, alianza kutangaza katika redio ya BBC mwaka 1953 na kuendelea na utangazaji hadi mwaka 2002. Brian Moore, aliyeichezea England mechi 64, naye akawa sauti inayofahamika ya BBC. Watu wa aina hiyo walipokewa kwa hoja moja: aisifuye mvua imemnyea. Aliyewahi kuingia katika skramu ana haki ya kuieleza. Swali lililojitokeza mwaka 2015 ni iwapo hoja hiyo ilimhusu pia mwanamke mwenye mechi 74 za kimataifa na medali ya ubingwa wa dunia.

Si watazamaji wote waliolijibu kwa ndiyo. Alphonsi amewahi kueleza hadharani kwamba alikutana na maneno ya kejeli mitandaoni kutoka kwa watu waliohoji mwanamke anajua nini kuhusu raga ya wanaume. Tatizo hilo halikuwa lake peke yake. Februari 2021, baada ya mechi ya Wales na England mjini Cardiff, mwanahabari wa kike wa BBC aliyewahoji wachezaji alishambuliwa kwa matusi mitandaoni kwa sababu tu ya maswali aliyouliza, na vyombo vya raga vikalazimika kumtetea hadharani.

Mchambuzi hufanya nini

Katika matangazo ya raga, majukumu hugawanywa. Mtangazaji mkuu husimulia kinachotokea: nani ana mpira, timu ipo umbali gani kutoka mstarini. Pembeni yake huketi mtangazaji msaidizi, mara nyingi mchezaji wa zamani, ambaye hueleza sababu: kwa nini mwamuzi amepuliza filimbi, kwa nini ukuta wa ulinzi umefunguka. Wachambuzi wa studio au wa ukingoni mwa uwanja huzungumza kabla ya mechi, wakati wa mapumziko na baada ya mechi. Kwenye kituo cha kibiashara kama ITV, matangazo ya biashara hula sehemu ya mapumziko hayo, hivyo mchambuzi hubakiwa na dakika chache za kuchagua picha mbili au tatu na kuzieleza kwa lugha ambayo mtu asiyeijua raga ataielewa.

Ujuzi wa namba 7 unafaa katika kazi hiyo. Mapambano ya kuugombea mpira uliolala chini ndiyo sehemu ya raga inayowachanganya zaidi watazamaji, na ndiyo inayozaa penalti nyingi. Alphonsi aliishi ndani ya mapambano hayo kwa miaka 11.

Mtihani wa mwaka 2015 ulikuja mapema. England, wenyeji wa mashindano, walifungwa na Wales 28 kwa 25, kisha na Australia 33 kwa 13, wakatolewa katika hatua ya makundi. Wachambuzi wa Kiingereza walilazimika kuieleza nchi yao, bila kuificha na bila kuizomea, namna timu yao ilivyoanguka. Mashindano yalipomalizika, Alphonsi hakuwa mgeni wa msimu mmoja tu. ITV ilipoanza kugawana na BBC mechi za Mataifa Sita mwaka 2016 aliendelea kuonekana, na baadaye akawamo katika matangazo ya Kombe la Dunia la wanaume la mwaka 2019 na la mwaka 2023. Vilevile amekuwa akiandika kuhusu raga katika gazeti la The Telegraph.

Nje ya studio

Mwaka 2016 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa World Rugby, shirikisho linalosimamia mchezo huo duniani, na mwaka huohuo akajiunga na baraza la chama cha raga cha England, RFU. Mwalimu wake Burgess aliingizwa katika ukumbi huo mwaka 2018. Mwaka 2023 Alphonsi alichapisha kitabu cha maisha yake, Winning the Fight.

Raga ya wanawake ya England nayo imebadilika. Baada ya ushindi wa Paris, timu hiyo ilipoteza fainali mbili mfululizo kwa New Zealand, mwaka 2017 mjini Belfast na mwaka 2022 mjini Auckland. Tarehe 27 Septemba 2025 ilitwaa tena ubingwa kwa kuifunga Canada 33 kwa 13. Fainali hiyo haikuchezwa Stoop kama ile ya mwaka 2010. Ilichezwa Twickenham kwenyewe, mbele ya watazamaji 81,885, idadi kubwa kuliko zote zilizowahi kuhudhuria mechi ya raga ya wanawake, na wachezaji wa England walioingia uwanjani siku hiyo walikuwa wakilipwa kwa kazi yao.