Gamba Kabla ya Injini: Ndege Nyepesi na Nyanda za Juu Kusini

Januari 1932, shirika la Imperial Airways lilipofungua njia ya barua kutoka London hadi Cape Town, Mbeya iliwekwa kwenye orodha ya vituo. Ndege ikitoka Nairobi ilipitia Moshi na Dodoma, ikatua Mbeya, kisha ikashika njia ya Mpika na Broken Hill, mji ambao leo ni Kabwe. Mbeya ilikuwa bado mji mchanga uliotegemea dhahabu ya Lupa. Ndege iliyotua hapo ilikuwa De Havilland Hercules: mbawa za ghorofa mbili zilizoshikizwa kwa nguzo na nyaya, injini tatu za nguvu za farasi 420 kila moja, abiria saba. Mwaka uliofuata ikaanza kuletwa Armstrong Whitworth Atalanta, iliyobuniwa mahsusi kwa viwanja vya juu vya Afrika. Injini zake nne zilikuwa na jumla ya nguvu za farasi 1,360, yaani mia moja tu zaidi ya Hercules, na bado ilikwenda kasi zaidi ikiwa na abiria tisa. Nguvu ilipanda kwa asilimia nane. Mwendo ukapanda zaidi ya hapo. Kilichobadilika hasa ni umbo: bawa moja nene, lisilo na nguzo wala waya wa nje wa kupigana na upepo. Historia ya urubani wa eneo hili imelirudia funzo hilo mara kadhaa, na mafundi wetu wanaojaribu kuunda ndege nyumbani bado hawajalipokea: mwendo wa ndege ndogo hutoka kwenye gamba lake kwanza, injini baadaye.

Kanuni hiyo ni ya kila mahali, lakini huku juu ina makali zaidi. Uwanja wa zamani wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Ule wa Nduli, Iringa, uko zaidi ya mita 1,400. Kwenye mwinuko wa Mbeya hewa ni nyembamba kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15, na mchana wa joto huwa nyembamba zaidi. Injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, propela hupata hewa kidogo ya kukamata, na bawa nalo hudai mbio ndefu zaidi ardhini kabla ya kunyanyuka. Anayejibu tatizo hili kwa injini kubwa huongeza uzito. Uzito hudai bawa kubwa. Bawa kubwa huleta ukinzani zaidi, na ukinzani hudai injini kubwa kuliko ile ya kwanza. Isitoshe, ukitaka kwenda kasi mara mbili bila kubadili umbo, unahitaji nguvu mara nane. Lakini hewa hiyohiyo nyembamba inayomnyima rubani nguvu wakati wa kuruka humpunguzia ukinzani akishafika angani, kwa hiyo ndege nyepesi yenye umbo safi hulipwa huku juu kuliko inavyolipwa Dar es Salaam.

Ushahidi mkubwa wa pili unapitia Nairobi. Tom Campbell Black, rubani wa zamani wa Wilson Airways ya Nairobi aliyehusika pia kumfundisha rubani Beryl Markham kurusha ndege, alishinda mashindano ya London hadi Melbourne mwezi Oktoba 1934 akiwa na C.W.A. Scott. Ndege yao, De Havilland Comet, ilikuwa ya mbao: mabawa yake yalifunikwa kwa tabaka mbili za vipande vyembamba vya mbao vilivyolazwa mshazari na kugandishwa kwa gundi, hivi kwamba ngozi yenyewe ndiyo iliyobeba mzigo. Injini zake mbili zilikuwa na nguvu za farasi 460 hivi kwa jumla, zaidi kidogo ya theluthi moja ya zile za Hercules, na iliweza kupita kilomita 350 kwa saa. Mtu atasema Comet ilibeba watu wawili tu na mafuta, ilhali Hercules ilibeba abiria na magunia ya barua. Ni kweli, na kama ulinganisho huo ungekuwa peke yake nisingeutegemea. Ila anayeunda ndege nyumbani naye hutaka kubeba watu wawili, si magunia ya barua, kwa hiyo wa kuigwa naye ni Comet.

Miaka miwili baadaye, mashindano ya Schlesinger kutoka Portsmouth hadi Johannesburg yalipita jirani na Mbeya. Ndege tisa ziliondoka Uingereza, ikafika moja tu: Percival Vega Gull ya Scott na Giles Guthrie, ya mbao, yenye injini moja ya nguvu za farasi 200, iliyotumia saa 52 na dakika 56. Ndege ya injini mbili, Airspeed Envoy, ilianguka ikijaribu kuruka kutoka Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu, kwenye mwinuko wa mita 1,650 hivi. Max Findlay na A.H. Morgan walikufa hapo. Envoy nayo ilikuwa ya mbao, kwa hiyo kisa hiki hakithibitishi ubora wa malighafi yoyote. Kinathibitisha tu kwamba injini ya pili si bima kwenye viwanja vya juu. Kufikia mwaka 1937 Imperial Airways ilihamishia safari zake kwenye ndege za majini zilizofuata pwani, kupitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na Mbeya ikaachwa pembeni ya njia kuu ya anga.

Kutoka kwenye mbao zilizogandishwa hadi kwenye faiba ni hatua moja. Wazo ni lilelile: nyuzi zinazohimili kuvutwa, zikishikwa na kitu kinachozizuia zisijikunje. Aliyejenga tembe la Wahehe pale Kalenga kwa fito na udongo aliijua kanuni hiyo bila kitabu. Mwaka 1957 wanafunzi na wahandisi wa Stuttgart, Ujerumani, walirusha Phönix, ndege ya kwanza isiyo na injini iliyoundwa kwa faiba. Lakini aliyeifikisha njia hii kwa mtu mwenye banda nyuma ya nyumba ni Mmarekani Burt Rutan. VariEze yake iliruka mara ya kwanza Mei 1975, ikafuatwa na Long-EZ mwaka 1979. Hapo awali, kuunda ndege ya faiba kulihitaji kwanza kalibu kubwa, kazi inayozidi ya ndege yenyewe. Rutan aliiondoa kalibu: bawa hukatwa kwenye povu gumu kwa waya uliopashwa moto kwa umeme, ukifuata vipande vyenye umbo kamili vilivyobanwa kwenye ncha mbili; kisha hutandikwa kitambaa cha faiba, nyuzi zikielekezwa kule mzigo unakopita, na kulowekwa kwa epoksi. Povu hubaki ndani. Zinazofuata ni wiki nyingi za msasa. Injini ya VariEze ilikuwa ileile ya nguvu za farasi 100 iliyofungwa kwenye Cessna 150. Zote mbili hubeba watu wawili. Cessna husafiri kwa kilomita 195 hivi kwa saa, VariEze kwa karibu 300. Dar es Salaam hadi Mbeya ni takriban kilomita 680 kwa mstari ulionyooka, na kwa injini hiyo moja tofauti ni ya saa moja na robo hivi. Desemba 1986 Voyager, iliyobuniwa na Rutan huyohuyo, iliizunguka dunia bila kutua wala kujaza mafuta kwa siku tisa, ikiikatiza Afrika kutoka mashariki hadi magharibi. Gamba lake lilikuwa na uzito wa chini ya kilo 430, na iliruka na uzito wa jumla wa zaidi ya tani nne.

Sasa tazama walivyoanza watu wa kwetu. Mwaka 2016 helikopta ya fundi mmoja wa Tunduma, mji uliokuwa ndani ya mkoa wa Mbeya hadi Songwe ilipotengwa mwaka huohuo, iliandikwa sana magazetini: mifupa ya bomba la chuma iliyochomelewa, na injini ya gari. Nchini Kenya, mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Nyeri aliunda ndege yenye injini ya Toyota, na ikashindwa kupaa. Sizitaji kazi hizi ili kuzicheka. Aliyewahi kuunganisha hata kiti anajua jinsi uvumilivu wa namna hiyo ulivyo adimu. Ninachosema ni kwamba malighafi ilichaguliwa na ujuzi uliokuwepo. Fundi wa gereji anajua kuchomelea na anajua injini, basi ndege yake huwa mwili wa kuchomelewa uliobeba injini ya gari, nayo injini ya gari ni nzito kwa nguvu inayotoa. Uzito huo ndio unaoshinda, na mwinuko wa Tunduma unamaliza kazi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya faiba ni la haki: epoksi na kitambaa cha faiba cha daraja la ndege haviuzwi Mafinga. Msitu wa Sao Hill una misonobari mingi na viwanda vya plaiwudi havikosekani huko, lakini plaiwudi hiyo ni ya ujenzi, si ya bawa. Ni kweli vitu hivi lazima viagizwe. Lakini alumini ya ndege na ribiti zake nazo huagizwa, na kwa ndege ya watu wawili faiba haihitaji mashine ya kukunja bati. Inahitaji mkasi, brashi, mizani na mkono makini. Mkono huo upo: karakana za boti za faiba zipo Dar es Salaam na Zanzibar. Mafundi wake wangepaswa kuacha desturi moja, ya kutumia resini ya poliesta kwa wingi. Ndege hutaka epoksi iliyopimwa kwa gramu, na kila tone la ziada ni uzito usiosaidia kitu.

La pili ni la hali ya hewa, nalo ni zito kuliko la kwanza. Epoksi hutaka joto la kadiri ili igande vizuri, na asubuhi za Juni na Julai huko Iringa na Makambako ni za baridi kali. Ikishaganda, jua nalo huwa adui: gamba lililopakwa rangi nyeusi huweza kupata joto la kulilegeza, ndiyo maana ndege za Rutan hupakwa nyeupe. Yote mawili yana dawa, chumba kilichozibwa chenye jiko la kupasha joto na rangi sahihi, ila dawa hizo hudai nidhamu ya kuandika joto na kipimo cha kila mchanganyiko. Pia bomba lililopasuka huonekana kwa macho, ilhali tabaka za faiba zilizoachana ndani hazionekani. Wakaguzi huzigonga kwa sarafu na kusikiliza mlio. Hapa nakubali kwamba faiba bila mkaguzi ni hatari kuliko chuma bila mkaguzi.

Wengine husema sheria ndiyo kikwazo. Sikubaliani. Marekani, chama cha waunda ndege wa nyumbani, EAA, kilianza mwaka 1953, na ndege za majaribio huko hukaguliwa na kupewa kibali maalumu. Hapa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ipo, na Morogoro kampuni ya Airplanes Africa Limited huunda ndege ndogo za Skyleader zenye asili ya Jamhuri ya Cheki. Njia ya kibali basi inapitika. Kinachokosekana ni michoro iliyokwisha kuthibitishwa na watu kadhaa wanaoifuata pamoja. Wengi wa waliofanikiwa na Long-EZ hawakubuni lolote. Walinunua michoro, wakaifuata ukurasa kwa ukurasa. Mafundi wetu hubuni kila kitu upya, kila mmoja bandani kwake, na makosa ya Nyeri hayamfikii wa Tunduma.

Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na vyuo vya ufundi vya VETA vya Mbeya na Iringa wasianze kwa kutafuta injini. Waunde bawa moja la faiba kwa michoro iliyothibitishwa, walilaze kichwa chini, wapange mifuko ya mchanga juu yake hadi livunjike, na wachapishe lilibeba kilo ngapi.