Mwanamke wa kwanza kuipa pedi sura

Kila Mei 28, Siku ya Hedhi Duniani, waheshimiwa hupiga picha wakikabidhi maboksi ya taulo za kike shuleni. Tarehe hiyo haikuokotwa: ni mwezi wa tano kwa siku tano za hedhi, na 28 kwa siku za mzunguko. Sherehe ikiisha, binti akienda dukani kununua pakiti yake, muuzaji anamfungia kwenye gazeti, pengine hili hili unalosoma.

Aibu hiyo ina wafanyabiashara walioijua mapema. Huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, Johnson & Johnson walitengeneza taulo za kutupwa zilizoitwa Lister's Towels. Zilidoda, kwani hakuna aliyethubutu kuzitangaza waziwazi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikabadili mambo. Kampuni ya Kimberly-Clark ilikuwa ikitengeneza, kwa miti iliyosagwa rojorojo, kitu cha kufungia vidonda kilichofyonza kuliko pamba. Wauguzi wakagundua matumizi mengine. Vita vilipokwisha, mzigo ukageuzwa kuwa pedi za Kotex, mwaka 1920. Matangazo ya mwanzo yalichora muuguzi na wanajeshi majeruhi, msomaji wa kike akaachiwa ajaze mwenyewe. Madukani pakawekwa kisanduku: unadumbukiza fedha, unachukua pakiti iliyofungwa kwa karatasi isiyo na maandishi, unaondoka bila kumsemesha mtu.

Lakini michoro ni michoro. Julai 1928, jarida la McCall's lilichapisha tangazo la Kotex lenye mwanamke halisi, amevaa gauni la jioni, amesimama kama anayesubiri gari la kumpeleka dansini. Alikuwa mwanamitindo Lee Miller, mwenye umri wa miaka 21, ambaye mwaka uliotangulia sura yake ilichorwa kwenye jalada la jarida la mitindo la Vogue. Mpiga picha alikuwa Edward Steichen, bingwa wa enzi hizo. Picha ilipigwa kwa shughuli za mitindo, kisha ikauzwa kwa watangazaji bila mwenye sura kuulizwa.

Mwana wa Miller, Antony Penrose, ameyasimulia haya katika kitabu alichoandika juu ya maisha ya mama yake. Kwa maelezo yake, Miller alikasirika kwanza, kisha alipoona wenye kujiheshimu wanavyotaharuki, akaanza kufurahia. Ni hulka ya mtu yule yule ambaye mwaka 1945, akiwa mwandishi wa picha za vita, alipigwa picha akioga kwenye bafu la Hitler mjini Munich.

Wapo wanaodai tangazo hilo ndilo lililomfukuza kwenye uanamitindo. Naona wametia chumvi. Mwaka 1929 alikwenda Paris kujifunza kazi ya kamera kwa mpiga picha Man Ray, na huko huko aliendelea kusimama mbele ya kamera za Vogue. Tujiulize badala yake hivi: mwanamke aliyetangaza sabuni hakuulizwa kama anaoga, kwa nini aliyetangaza pedi aonekane amefichua siri ya chumbani?

Wenye biashara walijifunza upande mmoja tu wa kisa hicho, kwamba gauni zuri linauza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, pedi za Modess zilitangazwa kwa wanamitindo waliovaa mavazi ya kifahari, chini yake jina la bidhaa, nukta tatu na neno moja: "because", yaani "kwa sababu". Sababu yenyewe haikutajwa.

Televisheni za Marekani zilikataa matangazo haya hadi 1972. Mwaka 1985, Courteney Cox, ambaye wengi walimjua baadaye kwa tamthilia ya Friends, akaitaja hedhi kwa jina katika tangazo la tamponi za Tampax. Damu ilisubiri zaidi: kampuni ya pedi ya Bodyform ya Uingereza ilionyesha kimiminika chekundu mwaka 2017.

Kwetu vita vimekuwa vya bei. Kenya iliondoa VAT kwenye pedi mwaka 2004. Tanzania iliiondoa 2018, ikairudisha mwaka uliofuata kwa hoja kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei, na mnunuzi akalipia kosa lao. Ukiwasha televisheni jioni, tangazo likifika, msichana aliyevaa suruali nyeupe bado anaruka kamba, na maji yanayomiminwa juu ya pedi ni ya bluu.