Mswada Uliosubiri: Sembène Ousmane na Filamu ya Samori

Miongoni mwa fani za sanaa zilizomo katika utamaduni wa mataifa ya leo, hakuna inayomweka mtunzi mikononi mwa watu wengine kama fani ya filamu. Mshairi akimaliza ubeti wake wa mwisho, shairi lipo. Mwandishi wa riwaya akitia nukta, riwaya ipo, hata kama mpiga chapa atachelewa. Lakini mtunzi wa mswada wa filamu amalizapo kuandika huwa amefika nusu ya njia tu. Alichokiandika hakikukusudiwa kusomwa, bali kuonwa na kusikiwa. Mpaka apatikane mwenye fedha, mwenye kamera na mwenye mamlaka ya kutoa ruhusa, mswada hulala sandukuni, nao waweza kulala humo mpaka mwenyewe akalala kaburini.

Nia ya makala hii ni kueleza habari za kungoja huko kwa kumtazama mtunzi mmoja mashuhuri wa Afrika, Sembène Ousmane wa Senegali, na mswada wake juu ya Samori Touré. Mswada huo aliungoja kwa miaka mingi, naye alifariki mwaka 2007 bila ya kuupiga picha. Tutajaribu kuonyesha kwamba kungoja kwake hakukuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Kulikuwa na sababu katika historia, na sababu hizo zinatuhusu sote.

Ruhusa kabla ya picha

Senema iliingia Afrika pamoja na ukoloni, na tangu mwanzo swali la nani aandike hadithi lilikuwa swali la utawala. Hapa kwetu, kati ya miaka 1935 na 1937, Waingereza waliendesha majaribio ya filamu za mafunzo kwa Waafrika, na makao ya kazi hiyo yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu 35 zilitengenezwa. Waafrika walionekana katika picha, na wengine walisaidia kazi, lakini uamuzi juu ya jambo la kufundishwa na namna ya kulifundisha ulikuwa wa Wazungu.

Katika makoloni ya Ufaransa mambo yaliwekwa katika sheria. Mwaka 1934 ilitolewa amri iliyojulikana kwa jina la Pierre Laval, aliyekuwa Waziri wa Makoloni. Kwa amri hiyo, mtu aliyetaka kupiga filamu katika makoloni ya Afrika alipaswa kupeleka maombi, na mswada wake ukaguliwe, naye angoje jibu. Ni dhahiri kwamba amri ya namna hii haikuhitaji kumkataza mtu waziwazi, kumngojesha kulitosha. Paulin Vieyra na wenzake, waliokuwa wakisoma Paris, walipokosa nafasi ya kupiga picha Afrika, walipiga filamu yao iitwayo Afrique-sur-Seine huko huko Paris mwaka 1955, juu ya maisha ya Waafrika wa ugenini. Hivyo moja ya filamu za kwanza za Waafrika wa makoloni hayo ilipigwa katika mji mkuu wa mtawala, kwa kuwa mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa.

Kutoka kalamu hadi kamera

Sembène alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, kusini mwa Senegali. Baada ya Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ya kupakua mizigo katika bandari ya Marseille, akawa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, akajisomea mwenyewe, na mwaka 1956 akatoa riwaya yake ya kwanza. Riwaya yake ya mwaka 1960 juu ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli wa miaka 1947 na 1948 ilimpatia sifa kubwa. Hata hivyo aliona kwamba wafanyakazi na wakulima aliowaandika hawakuweza kusoma vitabu vyake, kwa sababu vilikuwa katika Kifaransa, na walio wengi hawakupata nafasi ya kwenda shule. Kwa hiyo, akiwa na umri wa karibu miaka 40, alikwenda Moscow mwaka 1962 kujifunza kutengeneza filamu.

Alirudi Senegali ikiwa nchi huru, na amri ya mkoloni haikuwa na nguvu tena. Lakini mara moja aligundua kwamba kungoja hakukwisha; kulibadilika sura tu. Filamu ghafi ilinunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Maabara ya kuisafisha ilikuwa Ulaya. Majumba ya senema ya Afrika Magharibi yalikuwa mikononi mwa kampuni mbili za Kifaransa. Na fedha za kumsaidia mtunzi zilitoka katika idara za serikali ya Ufaransa, ambazo zilisoma mswada kwanza. Mswada wa filamu yake La Noire de..., juu ya msichana wa Dakar anayepelekwa Ufaransa kuwa mtumishi wa nyumbani na kujiua huko, ulikataliwa na idara iliyokuwa ikiwasaidia Waafrika. Sembène aliipiga kwa njia nyingine, ikatoka mwaka 1966. Miaka miwili baadaye alipata msaada kutoka Paris kwa filamu ya Mandabi, lakini kwa masharti: ipigwe kwa rangi, ingawa yeye hakutaka rangi, na itolewe kwa Kifaransa pamoja na Kiwolofu. Wahenga walikwisha sema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Tena yako masaibu mengine, ya filamu iliyokwisha kupigwa lakini ikangojeshwa isionyeshwe. Mwaka 1977 Sembène alitoa Ceddo, juu ya watu wa kale waliokataa kulazimishwa kuacha desturi zao. Serikali ya Senegali yenyewe iliizuia. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya tahajia: mtunzi aliandika jina hilo kwa herufi mbili za d, na serikali ilishikilia kwamba kanuni za Kiwolofu zinataka moja. Sembène hakukubali kufuta herufi, na watu wa nchi yake wakakaa miaka kadhaa bila kuiona.

Samori na gharama ya kumbukumbu

Tangu hapo ilipita miaka 11 kabla Sembène hajatoa filamu nyingine. Katika miaka hiyo kazi yake kubwa ilikuwa mswada wa Samori.

Samori Touré, aliyezaliwa karibu na mwaka 1830, alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa jemadari, akajenga dola ya Wassoulou katika nchi ambazo leo ni Gine, Mali na kaskazini mwa Côte d'Ivoire. Alipambana na Wafaransa kuanzia mwaka 1882. Wahunzi wake walijifunza kutengeneza bunduki kwa kuiga zile za Ulaya. Aliposhindwa kuwazuia adui, alihama na watu wake kuelekea mashariki, akiteketeza mashamba na vijiji nyuma yake ili adui asipate chakula. Alikamatwa tarehe 29 Septemba 1898, akahamishiwa Gaboni, akafa huko mwaka 1900. Msomaji wa Tanzania atakumbuka kwamba Mkwawa wa Uhehe alikufa Julai mwaka huo huo wa 1898. Wapiganaji hao wawili, mmoja magharibi na mmoja mashariki, walianguka katika muda usiozidi miezi mitatu, kila mmoja bila kuwa na jamaa wala mjumbe wa kumpasha habari za mwenzake.

Filamu ya mtu kama huyo si jambo dogo. Inahitaji wapanda farasi kwa mamia, mizinga, mavazi ya wakati ule, vijiji vya kujengwa ili viteketezwe, na ruhusa ya nchi kadhaa, kwa maana mipaka ya leo imekatakata dola moja ya jana. Tena inahitaji ujasiri wa mawazo. Kwa wengi Samori ni shujaa aliyekataa kutawaliwa. Kwa wengine, hasa wazao wa mji wa Kong alioubomoa mwaka 1897, ni mharibifu aliyewateka watu na kuwauza. Mtunzi mkweli asingeweza kuficha upande mmoja. Basi ni nani angelipa gharama ya kumbukumbu hiyo? Dola iliyomshinda Samori haikuwa na sababu ya kuitukuza vita yake, na dola changa za Afrika zilikuwa na madeni, ukame na mahitaji ya shule na hospitali. Mswada ukabaki karatasi.

Kungoja na kufanya

Subira yavuta heri, lakini pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Sembène hakuketi kungoja tu. Mwaka 1981 alitoa riwaya ya Le Dernier de l'Empire. Mwaka 1988, pamoja na Thierno Faty Sow, alitoa Camp de Thiaroye, juu ya askari wa Kiafrika waliorudi kutoka Ulaya na kupigwa risasi na jeshi la Ufaransa karibu na Dakar tarehe 1 Desemba 1944, kwa kudai malipo yao. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Senegali, Aljeria na Tunisia, bila fedha za Ulaya, ikapata tuzo Venice. Jambo lililoonekana haliwezekani kwa Samori liliwezekana kwa Thiaroye, kwa kuwa nchi tatu za Afrika ziliunganisha nguvu.

Hata hivyo haki inatutaka tutaje jambo jingine. Kabla ya filamu hiyo, watunzi wengine wawili wa Senegali, Ben Diogaye Beye na Boubacar Boris Diop, walikuwa wameandika mswada wao juu ya mauaji hayo hayo. Wao pia waliungoja upigwe picha. Chombo cha taifa kilipoamua kuiunga mkono kazi ya Sembène, mswada wao ulibaki ndani. Hivyo aliyengojeshwa na wenye nguvu aliweza naye, bila kuacha kuwa mtunzi mkubwa, kuwa sababu ya wengine kungoja. Penye mlango mmoja mwembamba, anayepita humziba aliye nyuma yake. Kosa hapo si la anayepita. Ni la nyumba iliyojengwa na mlango mmoja.

Funzo kwetu

Tukilinganisha na fani ya tamthilia, jambo hili litaeleweka zaidi. Ebrahim Hussein alipotoa Kinjekitile mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji, shule yoyote yenye uwanja na vijana wenye ari iliweza kuicheza. Tamthilia haihitaji fedha za kigeni. Kwa sababu hiyo Kinjekitile yumo katika fikira za vizazi vya wanafunzi wetu kama mtu anayesema na kutembea. Samori hakupata bahati hiyo katika senema. Nasi Tanzania tulikuwa na kampuni ya filamu ya taifa tangu mwaka 1968, lakini filamu za hadithi ilizotoa zilikuwa chache mno kuliko hadithi zilizostahili kupigwa picha. Mkwawa naye ana haki ya kuuliza.

Sembène aliendelea kufanya kazi hadi uzeeni. Moolaadé ilituzwa Cannes mwaka 2004, yeye akiwa na miaka 81. Alipofariki, Samori hakuwa amepigwa picha, na filamu nyingine aliyoikusudia iwe ya tatu baada ya Faat Kiné na Moolaadé ilikuwa bado.

Wako watakaosema kwamba mswada usiopigwa picha ni kazi bure. Sisi hatuoni hivyo. Mswada huo ni ushahidi kwamba alikuwapo mtu aliyeijua hadithi, aliyeitafiti na aliyekuwa tayari kuisimulia, na kwamba kilichokosekana hakikuwa fikra. Kilichokosekana ni vyombo vya taifa na umoja wa mataifa ya Afrika katika mambo ya utamaduni. Mwalimu anayefundisha historia ya upinzani dhidi ya ukoloni afundishe basi pia historia ya namna upinzani huo ulivyosimuliwa, na ya masimulizi yaliyozuiwa njiani. Na mwanafunzi mwenye kipawa cha kuandika asiache kuandika kwa sababu kamera haijafika, maana siku itakapofika itauliza kwanza kama iko hadithi iliyoandikwa tayari.